Siku moja maishani mwangu: nesi wa mashine za figo

Saa 11:30 alfajiri. Kabla mgonjwa yeyote hajafika, napima maji ya mashine kuona kama yana klorini. Kwa saa nne za kusafisha damu, mgonjwa mmoja hupitishiwa lita kama 120 za maji, na kati ya maji hayo na damu yake kuna utando mwembamba tu. Kipimo hiki sikifanyi kwa haraka hata siku moja.

Saa 1 asubuhi. Mzani kwanza. Mzee wa kitanda cha pili, aliyekuwa dereva wa malori, ameongezeka kilo 3 tangu juzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jana joto lilinishinda, nikanywa maji."

Mkojo hapati tena, kwa hiyo maji yamebaki mwilini. Nambonyeza muundi, kidole kinaacha shimo. Kisha naweka vidole juu ya fistula mkononi mwake, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili damu ipite kwenda kwenye mashine: inatetema kama simu iliyozimwa sauti. Nzima. Sindano mbili, mashine inaanza.

Saa 3. Huu ndio muda wa maongezi. Zamani mzee huyu alipimwa presha kwa bahati tu, ikasoma 190 kwa 110. Akameza vidonge mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaacha. Habari hii nimeisikia vitanda vingi mno, na kila mara inaniuma upya. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Presha huumiza mishipa yake mpaka ikakakamaa. Sukari nayo huharibu kuta za vichujio, protini inavuja, mkojo unatoka na povu. Miaka yote hiyo mtu hasikii kitu. Kiuno kikiuma ndipo anasema "figo", kumbe mara nyingi ni misuli.

Mama wa kitanda cha tatu alikuwa na presha, na juu yake akawa anameza diklofenaki za magoti kila siku, za duka la dawa. Ni dawa ya maumivu, lakini nayo huumiza figo.

Saa 5. Natoa sindano, nabana pamba, mzani tena. Zamu ya pili inaingia. Chakula nakula nimesimama.

Saa 8 mchana. Kijana wa miaka 24. Hana sukari, na presha ilimjia baada ya figo kuumwa. Alianza kuvimba macho asubuhi, akadhani ni usingizi. Vichujio vya figo zake ndivyo vilikuwa vimevimba. Ananiuliza tena alikosea wapi. Namwambia hakukosea, na nitamwambia hivyo kila akiuliza. Mama yake anataka kujua habari za viazi. Namweleza avikate vidogo, avichemshe, maji ayamwage, ili ipungue potasiamu, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa. Dafu asimpe kabisa.

Saa 1 usiku. Nyumbani. Kabla ya kuvua viatu nachukua mashine ya presha, namfunga mama mkono. 138 kwa 84. Naandika kwenye daftari.

"Vidonge vya leo, mama?"

"Nimekunywa. Kichwa hakiniumi, lakini nimekunywa."