Chakula cha mchana ndani ya meli ya mwaka 1934

Jana ndugu zangu walinipeleka kula kwenye Tattershall Castle, meli iliyofungwa ukingoni mwa mto Thames hapa London, ng'ambo kabisa ya lile gurudumu kubwa la London Eye. Wengi huijua kama baa tu. Mimi nilisahau hata menyu, nikawa nazunguka sitahani.

Ubavuni meli imeachiwa mabweta yake makubwa ya duara, yaliyofunika magurudumu ya makasia. Hii haikuwa na rafadha, yaani mapanga ya kusukuma meli majini: injini ya mvuke ilizungusha magurudumu hayo, moto ukichochewa kwa makaa ya mawe. Iliundwa mwaka 1934 West Hartlepool, kwa ajili ya shirika la reli, ivushe abiria mto Humber, mashariki mwa Uingereza, kati ya Hull na New Holland. Ndiyo, reli! Ukishuka kwenye treni unaingia melini, ukifika ng'ambo unapanda treni nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ikabeba askari na vifaa.

Ilistaafu mwaka 1973. Ikaletwa London, ikawa kwanza nyumba ya sanaa, mgahawa ukaja baadaye, miaka ya 1980. Daraja la Humber lilikuwa limeshafunguliwa mwaka 1981, na huduma ya kivuko haikuwa na kazi tena.

Pacha wake, Wingfield Castle, yuko makumbusho ya Hartlepool. Lincoln Castle, mdogo wao, naye aliwahi kuwa mgahawa, lakini alikatwa chuma chakavu mwaka 2010. Huyu wa London ameponea kwenye sahani za chipsi, na mimi sioni ubaya.