Matone: programu yangu ya mvua yapata makao mtandaoni

Matone ni programu ndogo ninayoiandika kwa Python. Inasoma vipimo vya mvua vya kila siku, inavijumlisha kwa siku kumi kumi, kwa mwezi na kwa msimu, kisha inachora grafu ya kulinganisha msimu mmoja na mwingine. Kwa hapa Dodoma hilo lina uzito wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na jumla ya mwaka huzunguka milimita 550 hadi 600. Ila jumla ya mwaka haimsaidii sana mkulima. Yeye anataka kujua mvua ilikatika lini katikati ya msimu, na ikakaa siku ngapi bila kurudi.

Mpaka mwezi uliopita programu yote ilikaa kwenye kompyuta moja na flashi moja. Binamu yangu aliyeko Manyoni anaitumia kwa kipimo chake, kwa hiyo nikawa namtumia faili kwa WhatsApp. Kesho yake nimerekebisha kitu, namtumia jingine, mwisho hakuna kati yetu anayejua nani ana toleo lipi. Mwezi huu nikajipa kazi moja tu: kufungua akaunti kwenye huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo, yaani maandishi ya programu, na kuihamishia Matone huko.

Kuchagua pa kuiweka

Moyo wangu ulikuwa unaelekea Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha kibiashara kule Berlin. GitLab nayo ina sifa yake: ukiwa na seva yako unaweza kuisimika mwenyewe. Mwishowe nimekwenda GitHub, iliyoanza 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, kwa sababu binamu na vijana wa chuo ninaowafahamu wana akaunti huko tayari, na programu hii nataka itumike. Sikuogopa kufungwa mahali pamoja. Huduma zote hizi zimejengwa juu ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na kila anayenakili ripo ya Git, yaani folda ya mradi inayotunzwa nayo, anabeba historia yake nzima. Google Code ilipofungwa mwaka 2016, watu walibeba miradi yao wakahamia kwingine.

Kujisajili

Fomu yenyewe ni fupi: barua pepe, nenosiri, jina la mtumiaji. Unathibitisha barua pepe kwa msimbo unaotumiwa, umemaliza. Yaliyonichukua muda ni yale ambayo fomu haiyasemi.

Kwanza jina. Linaruhusiwa kuwa na herufi, tarakimu na kistari, lisizidi herufi 39. Nimechukua jina lisilofungwa na kazi ninayofanya sasa wala mwaka niliozaliwa, maana litaonekana kwenye kila anwani ya mradi wangu.

Pili barua pepe, na hapa naomba anayeanza atulie kidogo. Kila komiti ya Git, yaani kila badiliko unaloliingiza kwenye historia, inabeba jina na barua pepe ya aliyeiandika. Ripo ikiwa ya wazi, yeyote anayeinakili anaisoma anwani hiyo, na ukija kuibadilisha baadaye, komiti za zamani hazibadiliki. Kwenye mipangilio ya barua pepe kuna kisanduku cha kuificha; ukikiweka tiki unapewa anwani mbadala inayoishia na users.noreply.github.com. Chini yake kipo kingine kinachokataa komiti yoyote yenye anwani yako halisi isipande. Nimeviweka tiki vyote viwili, kisha kwenye kompyuta nikaandika amri ya git config --global user.email na kuipa ile anwani mbadala. Kuweka tiki tu bila amri hiyo hakutoshi, kwa sababu anayeandika anwani ndani ya komiti ni kompyuta yako.

Tatu, uthibitishaji wa hatua mbili: baada ya nenosiri unathibitisha tena kwa njia nyingine. Tangu 2023 GitHub wamekuwa wakiudai kwa wanaochangia msimbo. Sikuchagua ujumbe wa simu. Laini ikipotea, au ikikaa muda mrefu bila kutumika, namba inaweza kuishia kwa mtu mwingine. Nimetumia programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30. Haihitaji bando wala mtandao: simu na seva zina siri moja zilizokubaliana mwanzoni, na kila upande unakokotoa kwa kuangalia saa. Kwa hiyo saa ya simu iachwe ijiseti yenyewe. Ikipishana sana na ya kweli, tarakimu zinakataliwa.

Kisha unapewa misimbo ya akiba ya siku simu itakapoharibika, kila mmoja wa kutumika mara moja. Hiyo sikwenda kuichapisha kwenye duka la steshenari, kwa sababu faili linabaki kwenye kompyuta yao. Nimeiandika kwa mkono, kalamu ya wino, ipo ndani ya bahasha ya vyeti.

Namba za mjomba

Vipimo vingi vya Matone vinatoka shambani kwa mjomba wangu, Mpunguzi, ambako ana zabibu. Kila asubuhi saa tatu, muda uleule wanaosomea vituo vya hali ya hewa, yeye au mwanawe anasoma kipimo na kuandika daftarini. Kwenye daftari hilohilo kuna tarehe za kupogoa, dawa alizopiga, na kilo za kila mavuno. Zote nilishaziingiza kwenye kompyuta. Kabla ya kupandisha chochote nikampigia.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Mvua huko mjini?”

Nikamweleza ninachotaka kufanya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa hizo namba zangu, kila mtu ataziona?”

Nikamwambia mvua inaweza kuonekana akikubali, mavuno ni juu yake.

“Mvua ni ya Mungu, waache waione. Kilo zangu hapana. Mnunuzi akishajua nimevuna kiasi gani kabla hajafika shambani, bei anapanga yeye.”

Hoja yake imebadilisha mpango wangu wote. Ningeweza kuziweka kilo kwenye ripo ya siri, ambazo tangu 2019 hazina kikomo hata kwa akaunti ya bure, lakini yeye amesema hapana na hapana yake inatosha. Tatizo ni kwamba Git haisahau. Folda yangu ya zamani ilikuwa na daftari lote ndani ya historia. Kulifuta leo na kupandisha ripo kungeacha kilo zote kwenye komiti za nyuma, mtu yeyote angezifukua. Zipo njia za kusafisha historia, ila nimeona salama zaidi kuanza folda mpya, nikanakili faili za programu peke yake na faili la mvua ambalo mjomba amelikubali. Roho iliniuma kuiacha historia, kwa sababu ndani yake kuna maelezo ya kwa nini nilibadilisha hiki na kile. Folda ile ya zamani naitunza nyumbani.

Kwenye folda mpya nimeweka faili la .gitignore lenye mstari wa kuzuia folda ya mavuno, na kwa ajili ya kujaribu programu nimetunga faili la mavuno lenye namba za uongo. Linaitwa mfano.csv na mstari wa kwanza unatamka wazi kwamba si za shamba lolote. Kabla ya komiti ya kwanza nilipitia orodha ya git status, inayoonyesha mafaili yatakayoingia, jina kwa jina, kidole kikiwa kwenye skrini.

Ufunguo

Maelekezo mengi ya zamani yanasema wakati wa kupushi, yaani kupandisha komiti kwenye seva, utaandika nenosiri la akaunti. Njia hiyo GitHub waliifunga Agosti 2021. Nimetengeneza ufunguo wa SSH, njia salama ya kompyuta kujitambulisha kwa seva, kwa amri ya ssh-keygen -t ed25519 (ed25519 ni aina ya ufunguo) na kuuwekea nenosiri lake. Yanatoka mafaili mawili: lenye .pub mwishoni ndilo unalobandika kwenye mipangilio ya akaunti, na lile jingine halitoki kwenye kompyuta hata kwa rafiki.

Mara ya kwanza kuunganisha, kompyuta inakuonyesha alama ya utambulisho ya seva na kuuliza kama uendelee. Wengi hubonyeza ndiyo bila kuisoma. GitHub wamechapisha alama zao. Ya ed25519 inaanza na +DiY3, nikailinganisha herufi kwa herufi mpaka mwisho ndipo nikakubali. Seva ikanisalimia kwa jina langu la mtumiaji.

Ripo niliifungua tupu, bila faili lolote, kwa kuwa komiti ilishakuwepo kwangu; ukiiachia GitHub itengeneze faili lake la kwanza, historia mbili zinapishana na kupushi kunagoma. Leseni, yaani ruhusa ya maandishi ya kutumia programu, nimeiongeza mwenyewe: GPL toleo la 3. Bila leseni, sheria ya hakimiliki inamzuia mtu kuitumia kazi yako hata kama anaiona. Nimechagua GPL kwa sababu nataka atakayeiboresha Matone na kuigawa aigawe na msimbo wake. Maelezo ya mradi yote ni ya Kiswahili, kwa sababu watakaopima mvua Bahi, Kongwa na Manyoni ndio ninaowaandikia.

Kupushi kwenyewe kulikuwa kufumba na kufumbua, faili zote ni ndogo.

Swali la kwanza

Binamu ameshanakili ripo, na badala ya kunitumia ujumbe WhatsApp amefungua swali palepale kwenye mradi: siku isiyo na mvua aandike 0 au aache wazi? Yeye amekuwa akiacha wazi, mjomba anaandika 0, na Matone ilikuwa inavichukulia vyote kuwa ni sawa. Kumbe kwa faili la Manyoni, wiki aliyosafiri na wiki ya ukame vilikuwa vinahesabiwa kitu kimoja.

Tumekubaliana: 0 ni kwamba kipimo kilisomwa na hakikuwa na kitu; nafasi wazi ni kwamba hakuna aliyesoma. Nimeanza kubadilisha sehemu inayohesabu siku kavu ili ikikuta nafasi wazi ikate hesabu na kuonya, isijaze sifuri. Binamu anapitia madaftari yake ya nyuma kutenganisha siku hizo, na atapandisha faili lake mwenyewe akimaliza.