Unachopenda ni kungoja

Januari niliahidi kwamba siandiki tena habari za Wachawi humu, yaani timu yangu ya kikapu, Washington Wizards. Najua. Yule aliyenijibu "tutaona", haya, ameona.

Ila kuna sentensi imenikwama kooni tangu Jumanne kama mwiba wa samaki. Nikishughulika naisahau, nikimeza mate ipo. Ina maneno sita tu, nimeyahesabu: "Timu huipendi, shemeji. Unachopenda ni kungoja." Hata idadi yenyewe ni ya kunikebehi, mtaona.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 12 Mei, tulikaa sebuleni kwa Mama kusubiri droo ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Mimi, Shemeji, mdogo wangu, na Mjomba, ambaye aliingia akisema hakai na akakaa mpaka mwisho. Dada alikuwa chumbani na tumbo lake, siku zake zimeshapita. Kwa wageni: ligi ile haimpi mchezaji bora anayechipukia yule aliyeshika mkia. Inachezesha bahati nasibu kati ya timu dhaifu, ili watu wasifungwe makusudi. Watu wanafungwa makusudi vilevile. Washington Wizards tulishinda mechi 18 msimu wa 2024-25, tukafungwa 64. Msimu wa kabla yake tulishinda 15. Kwa aibu hiyo tulistahili asilimia 14 za kumpata Cooper Flagg wa Chuo Kikuu cha Duke, sawa na Utah na Charlotte, na hakuna aliyekuwa na zaidi ya hizo. Dallas, ambao Februari walimuuza nyota wao Luka Dončić kwa hiari yao, walikuwa na asilimia 1.8. Flagg ni wao.

Sisi wa sita. Kutoka pale tulipokuwa, kanuni haziruhusu kuanguka chini ya hapo, yaani tulianguka mpaka sakafu ikatuzuia. Kadi ya namba sita ilipogeuzwa na nembo yetu ikatokea, hakuna aliyesema kitu. Mama alikuwa anapita na shuka mkononi, akasimama. "Sita si nzuri? Kwani mlikuwa wa ngapi?" Mjomba akamwambia, dada yangu, nenda kalale.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kufukua nyota waliotoka nafasi hiyo. Larry Bird alichukuliwa wa sita, 1978. Damian Lillard wa sita, 2012, mwaka uleule sisi tulipomchukua Bradley Beal wa tatu. Alikuwa anasoma kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma salamu za rambirambi, lakini alishaanza kujiamini. Shemeji akamwacha amalize.

"Na 2011?"

Mdogo wangu akanyamaza, maana anajua. 2011 wa sita tulikuwa sisi wenyewe. Tukamchukua Jan Veselý. Kawhi Leonard, aliyekuja kuwa nyota, akasubiri mpaka nafasi ya 15.

"Veselý alikuja kuwa mchezaji bora wa EuroLeague," mdogo wangu akasema. "2019."

"Alipokuwa wapi?"

"Fenerbahçe, Uturuki."

"Basi."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Hawakuwaona hawa." Kweli, ukianza kuhesabu wana tuliokabidhiwa hutalala. Kwame Brown, chaguo la kwanza la 2001, Michael Jordan akiwa ndiye msimamizi wa timu, na hakufua dafu. Mwaka 2009 tuliiuza nafasi ya tano kwa Minnesota, na Stephen Curry alikuwa bado hajachukuliwa. Akaenda wa saba. Ninaweza kuendelea. Kila mtu sebuleni pale anaweza kuendelea, ndiyo shida yetu.

Halafu ukaja ule ubishi wa siku zote, nani zaidi kati ya nyota wetu wa zamani, Arenas au Wall. Shemeji ni mtu wa Gilbert Arenas tangu zile pointi 60 dhidi ya Lakers, Desemba 2006, na huwa ananyoosha mkono hewani kukuonyesha, hata kama ana kikombe. Mimi ni wa John Wall. Nikamkumbusha bunduki za kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Timu iliitwa Bullets, Risasi, mpaka mmiliki wake Abe Pollin alipoibadilisha jina 1997 kwa kuchoshwa na mauaji ya bunduki mjini mwake, halafu nyota wetu mkubwa akaja na bastola kazini. Akanijibu kwamba Wall alikula mkataba mnene akiwa kitandani. Nikamwambia mshipa wa kisigino ukikatika haumwulizi mtu mkataba. Tukapandisha sauti. Dada akagonga ukuta.

Mjomba hana subira na ubishi huu. Kwake Arenas na Wall ni wajukuu wanaogombania kiti cha babu. Babu ni Wes Unseld, aliyetupa ubingwa wetu wa pekee, 1978, mbele ya Seattle kwenye mechi ya saba. Lakini mapenzi yake Mjomba hayakuanzia hapo, yalizaliwa na picha moja ya gazetini: Manute Bol, Mdinka wa mita 2.31, amesimama na Muggsy Bogues wa mita 1.60, wote wamevaa jezi moja, msimu wa 1987-88. Sentimita 71 kati ya mtu na mwenzake, timu moja! Mjomba anasema alikata ile picha kwa wembe, akaibandika ndani ya mlango wa kabati, na mpaka kesho hajapata sababu nyingine ya kushabikia chochote. Bol alipoingia ligi alizuia mitupo 397 katika msimu wake wa kwanza. "Mia tatu tisini na saba," Mjomba husema, polepole, kama mtu anayehesabu mahari aliyolipwa.

Nafika sasa.

Karibu kunakucha watu wakainuka. Mimi nikasema neno ambalo hata silisikii tena ninapolisema: "Mwakani, basi." Nikaongeza kwamba Alex Sarr ana miaka 20, Bilal Coulibaly 20, Bub Carrington 19, hawa watoto wapewe muda. Shemeji alikuwa mlangoni ameinama, kiatu kimoja mguuni, cha pili anakifunga kamba. Hakuinua kichwa. Akasema yale maneno sita. Akavuta kamba, nikasikia ikikwaruza kwenye matundu, akasimama.

Nikamjibu: "Angalia ngazi, taa imeungua."

Hilo ndilo jibu langu. Mtu amenipasua kifua, nami namtahadharisha na ngazi.

Tangu hapo nairudia. Je, alicheka? Mdogo wangu, nimemwuliza mara tatu, anasema alicheka; lakini mara ya tatu alisema "alicheka, nimekwambia" kwa namna ya mtu anayetaka kuachwa. Mjomba alikuwa anatafuta kofia. Je, kulikuwa na kituo baada ya "shemeji"? Kikiwepo, ni utani, sisi na utani wetu mnaujua. Kisipokuwepo, mtu alikuwa ameshalifikiria hilo jambo siku nyingi na akangoja mlango uwe wazi. Nimelitamka mbele ya kioo kwa namna zote mbili, na kinachoniudhi ni kwamba bila kituo linasikika kweli zaidi.

Mnajua kwa nini linachoma. Ile barua ya kunithibitisha kwenye cheo haijaja. Huu ni mwaka wa tatu naandika "Kaimu" mbele ya cheo ambacho kazi yake yote naifanya mimi, na kila nikiulizwa nasema wanasubiri bodi ikae. Jumanne na Jumatano nilisaini hati kumi na kitu, na kila nilipoandika ile K nilisikia kamba ya kiatu ikivutwa.

Jumatano usiku Dada akajifungua salama, mtoto wa kike, Mungu ashukuriwe, na Alhamisi idara yetu ikahamishiwa ghorofa ya tatu. Nayataja kwa sababu jibu nililipata hiyohiyo Alhamisi, nikiwa katikati ya ngazi na boksi la mafaili kidevuni. Nikasimama. Walionifuata nyuma nao wakasimama.

Jibu ni tarehe 13 Aprili. Mechi ya mwisho ya msimu, tuko Miami, tuko nyuma, hakuna chochote cha kugombania. Mpira anao Carrington, yule mtoto aliyecheza mechi zote 82 katika mwaka wake wa kwanza. Akaruka akienda kinyumenyume, mkono wa beki usoni, akaachia. King'ora kinalia mpira uko hewani. Ukaingia. Niliruka nikagonga goti kwenye meza, alama bado ninayo, nikapiga ukelele kama timu imetwaa kombe. Na Shemeji? Shemeji alijifunika uso kwa mto. "Huyu mtoto ametuharibia." Alikuwa na hesabu yake: tungefungwa siku ile tungebaki na ushindi 17, sawa na Utah, na anayeshika mkia haanguki chini ya nafasi ya tano.

Sasa niambieni, kati yetu sisi wawili, anayependa kungoja ni nani? Aliyeshangilia kikapu kilichoingia leo, au aliyekilaani kwa ajili ya mtoto asiyemjua wa mwakani? Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa jibu zuri mno, nikalipanga, nikalifupisha, nikaondoa "sasa niambieni". Nilipofika kwenye meza yangu mpya niliketi nikiwa nimeshinda.

Na hapo, bila kuitwa, ikaja 12 Mei nyingine.

2017. Tarehe ileile ya droo, miaka minane kamili nyuma, sikuwa nimeifikiria. Mechi ya sita ya mchujo dhidi ya Boston. Shemeji hakuwa shemeji wakati ule, alikuwa "yule rafiki wa Dada", amekuja mara ya pili, na mimi nilikuwa sijamkubali. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kupita kiasi. Boston walifika uwanjani wamevaa nyeusi tupu kama wanakwenda kuzika, wakilipiza, maana Januari sisi ndio tuliowafanyia hivyo. Zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi mbili. Wall akasimama nje ya mstari wa tatu, akaachia. Zikabaki sekunde 3.5. Tukashinda 92 kwa 91, na Wall akapanda juu ya meza ya waandishi wa matokeo akiuita mji mzima. Nilipopata fahamu nilikuwa nimemkumbatia mtu, na mtu mwenyewe ni yule wa viatu.

Siku tatu baadaye tukafungwa mechi ya saba, 115 kwa 105. Kelly Olynyk, ambaye hakuna aliyekuwa amejiandaa naye, akatutia pointi 26. Hatujafika hata karibu na hapo tena. Wall akaumia, akaumia tena, 2020 akapelekwa Houston. Lakini usiku ule wa kufungwa, tumekaa sakafuni, runinga imezimwa, ni nani aliyesema "mwakani"?

Si mimi. Nilikuwa nalia, nisidanganye. Ni yeye. Nasikia hata alivyolitamka, kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji. Lile neno nililomwambia Jumanne alfajiri nilijifunza kwake.

Basi sikujua tena nina hasira na nani.

Ijumaa nikaenda kumwona mtoto. Shemeji amekaa kando ya kitanda, ndevu za siku tatu, shati la juzi, amembeba binti yake kama mtu aliyepewa ndoo iliyojaa mpaka ukingoni. "Sentimita 52," akaninong'oneza kabla ya salamu. "Mjomba anasema ni Bogues, tusikate tamaa." Nikacheka. Nikampokea mtoto. Ana vidole virefu, nawaambia ukweli, virefu.

Na bado nikalitoa. Sikuweza kuondoka nalo. Nikamwambia, shem, lile neno lako la Jumanne, pale mlangoni.

"Neno gani?"

Nikalirudia. Sikuweka kituo.

Akanitazama muda. "Nilisema hivyo? Mimi?" Akapangusa macho kwa kiganja. "Shemeji, Jumanne ile siku zilikuwa zimepita nne. Sikumbuki hata nilivyofika nyumbani." Halafu, baada ya kimya: "Lakini si baya, eh? Ni zuri. Timu huipendi..." Akajaribu kulimalizia, akakosea mpangilio. Nikamrekebisha.

Dada akafumbua jicho moja akatuuliza kama bado ni Wachawi.

Nimerudi nyumbani saa hii. Lile doa la dari ya chumba cha watoto nililowaambia mwezi uliopita lilikuwa kama kisahani. Leo limefika kwenye taa, na katikati pamejaa kama tumbo. Sijui huko juu maji na nyaya vimekutana au bado. Nimezima swichi ya upande wote ule, nimewahamishia watoto sebuleni, na naandika haya gizani. Simu ina asilimia 9. Kuna kitu kinadondoka, nimehesabu, kila baada ya sekunde kama ishirini, ila nikienda na ndoo kinaacha.