Siku moja ya kaskazi: kuhesabu fitoplanktoni Mlango wa Unguja

Saa 12:30 asubuhi, Februari. Mashua inatoka mapema kabla upepo haujachangamka. Sampuli za fitoplanktoni, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea baharini, tunachukua maji yakiwa yamejaa. Bamvua ikishaanza kutoka, inakokota tope la mikokoni na daiatomu (vijimea vyenye ganda la kioo) za mchangani, nao si wakazi wa maji ya wazi.

Saa 2. Michirizi ya kahawia imejipanga kufuata upepo. Wengine hudhani ni mafuta ya meli, kumbe ni Trichodesmium, sianobakteria (bakteria anayetumia mwanga kama mmea) anayegeuza naitrojeni ya hewa kuwa mbolea yake. Maji yana joto la nyuzi 29 hadi 30, yametulia, na virutubisho vya chini havipandi juu. Kusi ikivuma, bahari huchanganyika na kupoa, michirizi hiyo huadimika.

Chupa ya Niskin, ya kunasa maji ya kina maalumu, inafungwa nusu mita chini ya uso. Wavu wa matundu ya mikromita 20 ni wa kutambua spishi tu: matundu huziba, seli ndogo hupenya, minyororo ya daiatomu Chaetoceros hukatika. Anayehesabu kutokana na wavu anajidanganya.

Saa 3. Mililita 250 za maji, mililita 1 ya Lugol (myeyusho wa iodini wa kuhifadhi seli), hadi rangi ifanane na chai ya mkandaa hafifu. Hapa ndipo kaskazi inapoharibu takwimu. Trichodesmium ana vijifuko vya gesi. Daiatomu zikizama, yeye huelea, na anayesoma kwa hadubini kitako cha chemba ya kuhesabia, seli zinakotuama, hamwoni. Kwa hiyo lita 5 nyingine zinachujwa taratibu kwa chujio la mikromita 10, na nyuzi zake zinahesabiwa papo hapo juu ya chujio. Usipofanya hivyo, msimu wake mkubwa utaonekana mtupu kwenye jedwali.

Saa 6, maabara. Sasa ni kupima klorofili, rangi ya kijani ya seli: lita 1 hadi 2 kwenye chujio la GF/F (la nyuzi za kioo), taa zimepunguzwa, mvuto usizidi milimita 150 za zebaki, la sivyo seli hupasuka na klorofili kupotea. Kisha chujio kwenye asetoni ya asilimia 90 ili klorofili itoke, gizani ndani ya friji, saa 24.

Saa 9. Mililita 50 za sampuli ya Lugol zinamiminwa kwenye chemba ya Utermöhl, ambamo seli hutuama chini, juu ya meza isiyotikisika, mbali na kiyoyozi. Zitasomwa kesho. Ukihesabu seli 400, kosa ni kama asilimia 10. Ukiishia 100, linafika 20.