Maharage yananyauka na udongo una maji? Angalieni mizizi

Kabla ya kuongeza maji, chimbeni mche mmoja kwa jembe, muone kama mizizi ina vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wake hadi mche unanyauka. Msiung'oe kwa mkono, maana mizizi midogo hukatika na kubaki ardhini pamoja na wadudu. Vidukari wa mizizi ni weupe, kama milimita 2, wamejipaka nta inayofanana na unga. Ukiwasugua wanapondeka na kuacha utelezi kidoleni. Msiwachanganye na vinundu vya nitrojeni, yaani vivimbe vya kawaida kwenye mizizi vinavyoipa maharage nitrojeni: hivyo ni vigumu, na vikiwa hai ndani vina wekundu.

Sisimizi wengi shinani ni ishara kubwa. Wanakula umajimaji mtamu wa vidukari, nao huwalinda na kuwahamisha. Kupulizia dawa majani mara nyingi ni hasara, maana dawa nyingi hazifiki chini kwenye mizizi. Toeni mche na udongo wake, vurugeni viota vya sisimizi, palilieni magugu.