Asubuhi Tuliyoitembea Barabara ya Jogoo

Juzi, tukiwa tumeketi nyuma ya dereva, mpwa wangu aliniuliza kwa nini matatu zote zina mstari wa manjano ubavuni. Nilimjibu kwamba ni sheria, naye akaridhika na kugeukia dirisha, lakini mimi nilibaki nikiwaza Jumatatu ile ya tarehe 2 Februari 2004, ambapo matatu hazikuja.

Sheria za Michuki, kama tulivyoziita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa Kenya wa wakati huo, zilikuwa zimeanza kutekelezwa siku moja kabla. Kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na mstari huo wa manjano, na zile Nissan zilizokuwa zikitushindilia kama magunia zilitakiwa kubeba abiria 14 tu. Magari mengi hayakuwa tayari, wenye magari wengine waligoma kuyatoa, na machache yaliyopita kituo chetu cha Buruburu, Nairobi, yalikuwa yamejaa huku yakitoza nauli maradufu. Tuliingoja matatu yetu, nambari 58, mpaka jua likapanda, kisha mtu mmoja akaanza kutembea, nasi tukamfuata bila kuulizana.

Hadi Makadara sikumbuki mengi isipokuwa vumbi, na wanawake waliobeba viatu vyao mkononi. Karibu na Maringo, mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso kiunoni alinifikia na kupunguza mwendo.

“Binti yangu, toka kwenye lami, uje huku kwenye udongo. Lami itakuumiza magoti kabla hujafika.”

Nikamfuata. Alijua mahali ambapo mtaro ulikuwa umebomoka, mahali pa kuvukia bila kukimbizwa na malori, na upande uliokuwa na kivuli saa zile. Nilipomuuliza amejuaje yote hayo, alinieleza, bila kulalamika, kwamba hutoka Umoja kila alfajiri kwenda kiwandani Industrial Area na kurudi jioni kwa miguu, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ndiyo unga wa watoto wake. Hapo ndipo nilipoanza kuwatofautisha watu waliotuzunguka: walikuwapo wageni wa njia kama mimi, na walikuwapo wale waliokuwa na mwendo wao, waliosalimiana kwa majina na kutupisha kwa upole.

Nilimwambia kwamba sheria ile ni njema, kwa kuwa tulikuwa tumemzika jirani yetu aliyefia katika matatu iliyopinduka, na niliamini, kama ninavyoamini sasa, kwamba hakupaswa kufa vile.

“Ni njema, mwanangu, hakuna apendaye kuzika,” akasema. “Lakini mkanda huo utanifunga wapi mimi nisiyepanda?”

Hakuuliza kwa uchungu. Aliendelea kutembea huku akingoja jibu, na nililitafuta hadi tukafika mzunguko wa City Stadium, ambapo yeye alipaswa kushika Lusaka Road nami niendelee na Landhies Road kuelekea mjini. Nikamwambia kwamba labda siku moja serikali itawakumbuka na watembeao. Alinishika mkono, akaniombea siku njema, akavuka.

Nilifika kazini nimechelewa, kama karibu kila mtu, na hakuna aliyeulizwa. Matatu zilirudi kidogo kidogo, zikiwa na mikanda na sare mpya, na nauli ikiwa imepanda.

Bado naitetea sheria ile kila inapozungumzwa, na nilihuzunika Michuki alipofariki mwaka 2012, maana naamini wapo walio hai kwa sababu yake. Lakini nauli ilipopanda, lazima wapo waliokuwa wakipanda wakashuka na kujiunga na mama yule kwenye udongo, na sijui hesabu hizo mbili huwekwaje pamoja, wala ni nani angestahili kuzipiga.