Michubuko ilipona, hofu ikabaki
Niliondoka kwa mtu aliyekuwa akinipiga. Michubuko ilipona upesi, lakini mwili uliendelea kungoja kipigo kingine: mlango ukibamizwa nashtuka, moyo unaenda mbio, usiku nakesha. Aliyeniumiza ndiye niliyempenda, kwa hiyo hata wema wa watu niliutilia shaka. Hilo lilinichosha kuliko yote.

Mshauri nasaha alinieleza kwamba ubongo uliozoea hatari hubaki ukilinda hata hatari ikiisha. Kumbe si udhaifu! Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 3 hupatwa na ukatili wa kimwili au wa kingono maishani. Wanaume nao wapo, wengi wamenyamaza.

Jamani, msituulize kwa nini hatukuondoka mapema. Swali hilo lilinifunga mdomo muda mrefu.